Tusimsingizie Mungu: Kumbukumbu ya Mtoto Aliyetuchekesha



Katika makaburi ya kigango kimoja cha parokia yetu amelala mtoto wa kiume aliyefariki mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka minane. Jina lake la ubatizo silitaji, kwa heshima ya wazazi wake, ambao wameniruhusu niandike habari hizi. Itatosha kusema kwamba alikuwa amerithi jina la babu yake mzaa baba, na kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya wengi kwetu huku kandokando ya Ziwa Victoria, nyumbani na kijijini kote aliitwa Babu.

Siku ya kwanza aliponiamkia, nilimwitikia kama inavyompasa mtu mzima: "Marahaba, Babu." Wanawake waliokuwa wakifagia kanisa wakaangua kicheko. Naye mtoto akanitazama kwa uso wa mzee aliyekosewa heshima, akasema, "Padre, babu haitikiwi marahaba." Tangu siku hiyo nilikuwa mimi ninayemtangulia kwa shikamoo kila tulipokutana, naye akanijibu kwa sauti nzito ya kujitungia, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Sikumbuki Jumapili hata moja aliyokuwapo kanisani na salamu hiyo ikakosekana.

Babu alikuwa mgonjwa tangu utoto wake. Macho yake yalikuwa ya manjano, miguu yake myembamba, tumbo lake limejitokeza kidogo upande wa kushoto. Hakuweza kukimbia na wenzake. Walakini wenzake walipocheza mpira nyuma ya nyumba ya mapadre, hawakuanza kabla hajaletewa kigoda chake, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa refa wao. Alikuwa na makopo mawili na kokoto mkononi, na kila bao lilipofungwa alitupia kokoto moja katika kopo la timu iliyofunga. Hakuna aliyethubutu kubishana na makopo yale. Katika igizo la Noeli alichagua mwenyewe kuwa yule mchungaji aliyelala malaika walipokuja, akakoroma hata waamini wakasahau kuimba.

Tena alipenda vitendawili. Maumivu yalipomshika, nayo yalimshika mara nyingi, hakulia kama watoto wengine. Alimwita aliye karibu na kusema, "Kitendawili!" Nawe ulipaswa kujibu, "Tega!" Mama yake ndiye aliyekuja kunieleza baadaye sana maana ya jambo hilo: kwamba mtoto alitega vitendawili ili asikie sauti za watu badala ya kuisikia mifupa yake, na kwamba vitendawili vilipoongezeka, ndipo maumivu yalipozidi. Sisi wengine wote tulicheka na kujibu na kwenda zetu, tukisema, "Babu leo hajambo."

Hotuba niliyoitoa kaburini

Siku ya mazishi niliongoza ibada mwenyewe. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida ya mazishi ya mtoto. Nilihubiri kwamba Mungu ni mwenye bustani, na kwamba mwenye bustani huchuma ua alipendalo saa aitakayo, wala hapana wa kumwuliza. Waamini waliitikia "Amina." Wazee walinishika mkono na kunishukuru kwa maneno ya faraja. Nami nilirudi nyumbani nikidhani nimetimiza wajibu wangu wa kichungaji.

Baada ya misa ya arobaini mama yake alinifuata sakristia. Hakuja kwa hasira. Aliniuliza kwa upole, akiwa bado amefunga kitambaa cha msiba: "Padre, lile ua, Mungu alilichuma, au lilikauka kwa kukosa maji?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu mama huyo, na kwa njia yake kuwajibu akina mama wengi wa vigango vyetu ambao wamezika watoto huku wakiambiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Pale seminarini tulifundishwa kupambanua kati ya yale ambayo Mungu anayataka na yale ambayo anayaacha yatokee kwa kuwa ametuumba tukiwa huru. Ni somo ambalo kila padre amelifanyia mtihani. Ajabu ni kwamba tunapofika kaburini tunalisahau, tukamtwika Mungu kila kitu: ajali ya basi bovu, kipindupindu cha kisima kichafu, kifo cha mtoto aliyekosa chupa ya damu. Kufanya hivyo si imani. Ni kumsingizia Mungu, ili sisi tubaki bila hatia.

Ugonjwa wenyewe

Hatuna budi kuujua ugonjwa huu, maana kuuliza si ujinga. Babu alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo, laini, nazo huishi siku zipatazo 120. Za mgonjwa wa selimundu hujikunja na kukakamaa zikawa na umbo la mundu, na huishi siku chache tu, kati ya 10 na 20. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupungukiwa damu daima. Zaidi ya hayo, chembe hizo zilizojikunja huziba mishipa midogo, na mahali palipozibwa hukosa hewa ya damu. Hapo ndipo yanapozuka maumivu ya mifupa, ya kifua na ya tumbo, na wakati mwingine kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Bandama huharibika mapema, na mtoto hubaki bila ulinzi dhidi ya vijidudu vya kichomi na vya damu.

Ugonjwa huu haumwambukizi jirani, na wala hautokani na laana. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, baba na mama kwa pamoja. Aliyerithi upande mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi alioufanya huku Afrika Mashariki kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu hali hii imeenea mahali malaria ilipotawala kwa karne nyingi. Kinga iliyowaokoa mababu zetu ndiyo inayowatesa baadhi ya wajukuu wao. Katika utafiti mmoja uliofanyika kanda ya Ziwa upande wa Tanzania, karibu mtoto mmoja kati ya watano alionekana kuwa mbebaji. Inakadiriwa pia kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka. Basi hatuzungumzii mkosi wa nyumba moja.

Mnyororo wa mauti

Nimeketi na wazazi wa Babu, nimeketi na muuguzi wa zahanati, nikajaribu kufuata nyayo za kifo hiki kutoka mwisho hadi mwanzo. Nilichokiona ni mnyororo, na kila pete ya mnyororo huo ilifuliwa na mikono ya watu.

Pete ya kwanza ni kutokujua. Babu alivimba mikono na miguu akiwa na umri wa miezi minane. Hiyo ni dalili ya wazi ya ugonjwa huu kwa mtoto mchanga. Lakini alipimwa selimundu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu, na hilo lilitokea tu kwa sababu muuguzi mmoja mgeni alimtazama macho, akashuku. Kwa muda wa karibu miaka mitatu alitibiwa malaria, akatibiwa minyoo, akatibiwa baridi yabisi. Kipimo cha tone moja la damu kingeweza kufanyika wiki aliyozaliwa. Ziko nchi ambazo kila mtoto mchanga hupimwa hivyo kabla mama hajasahau uchungu wa kuzaa.

Pete ya pili ni lawama. Katika miaka hiyo mitatu mama yake aliitwa mchawi na ndugu wa mume. Walisema ukoo wao haukuwahi kuwa na mtoto wa namna hiyo, na kwamba mwanamke ndiye aliyeileta balaa. Mtoto alichanjwa chale kifuani na mgongoni. Niliziona kovu zake tulipokuwa tunamvika sanda. Ilifika hatua mama akarudishwa kwao akiwa na mtoto mgongoni. Ndugu zangu, hapa Kanisa halina pa kujificha. Waliomlaumu ni wabatizwa. Wanakuja jumuiya, wanapokea Sakramenti. Mimi nilikuwa paroko wao, nami niliyasikia maneno hayo, nikayaita "mambo ya ukoo." Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi tuliyaficha maradhi ya damu nyuma ya uvumi wa uchawi, na kilio kikatufichua sote.

Pete ya tatu ni dawa. Si kweli kwamba ugonjwa huu hauna msaada. Mwaka 1986 ulichapishwa Marekani utafiti ulioonyesha kwamba watoto wadogo wenye selimundu wakipewa penisilini mara mbili kwa siku, vifo na magonjwa ya kuambukiza hupungua kwa kiasi kikubwa mno. Penisilini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu zilizoko duniani. Iko pia dawa iitwayo haidroksiurea, iliyoidhinishwa Marekani kwa wagonjwa watu wazima mwaka 1998. Na mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, yaani kwa watoto wanaoishi kama wetu, penye malaria kama yetu. Waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, walihitaji damu mara chache zaidi, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Babu aliandikiwa dawa hiyo mara moja tu. Haikupatikana wilayani, na ilipopatikana mjini bei yake kwa mwezi ilizidi fedha ambayo baba yake, mvuvi asiye na mtumbwi wake mwenyewe, aliweza kuibakiza baada ya chakula. Sera ya kuchangia gharama za matibabu, iliyoanza mwaka 1993, iliwasamehe watoto walio chini ya miaka mitano. Babu alikuwa amevuka umri huo, kana kwamba ugonjwa nao ungeacha kumfuata siku ya kutimiza miaka mitano.

Pete ya nne ni damu, na kwa hii naomba msamaha hadharani.

Jumapili ile

Ilikuwa Jumapili ya jubilei ya kwaya yetu. Kanisa lilijaa hata watu wakasimama nje madirishani. Walikuja wageni kutoka parokia tatu za jirani. Babu hakuwapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo alishikwa na homa, na alfajiri wazazi wakamkimbiza kwa pikipiki hadi kituo cha afya, na kutoka pale hadi hospitali. Alipofika damu yake ilikuwa imepungua sana. Daktari aliagiza aongezewe damu mara moja. Benki ya damu ya hospitali ile haikuwa na chupa hata moja ya kundi lake. Baba alipimwa, damu yake haikufaa. Mama alikuwa mjamzito. Ndipo baba akakumbuka parokia, akanipigia simu, akapiga tena, akampigia katekista na mwenyekiti wa parokia.

Simu yangu ilikuwa sakristia, imezimwa, kama inavyopasa wakati wa Misa. Na simu za wengine vilevile. Baada ya Misa palikuwa na zawadi, hotuba za wageni, na chakula. Niliiwasha simu saa kumi jioni. Babu alikuwa amefariki saa tisa.

Sisemi kwamba damu ingemwokoa kwa hakika. Mimi si tabibu, na wako watoto wanaopewa damu na bado wanafariki. Ninalosema ni kwamba hakupewa nafasi hiyo. Siku ile, ndani ya ukuta wa kanisa letu, walikuwapo mamia ya watu wazima wenye afya njema, na bila shaka makumi kati yao walikuwa na damu iliyomfaa. Tulikunywa pamoja Damu ya Kristo, na damu yetu wenyewe tukaibakiza mishipani. Wala kosa halikuwa kuzima simu. Kosa lilikuwa kwamba kwa miaka yote mitano niliyokuwa paroko pale sikuwahi hata Jumapili moja kutangaza uchangiaji wa damu. Nilitangaza michango ya mnara wa kengele mara nyingi hata waamini wakanitania.

Tena kuna jambo linalonichoma zaidi. Ijumaa kabla ya kifo chake nilimtembelea Babu nyumbani. Alikuwa amelala mkekani. Aliniitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Kitendawili!" Nikasema, "Tega!" Akatega kimoja, akatega cha pili, akatega cha tatu, cha nne na cha tano, mfululizo. Nilicheka sana. Nilimbariki, nikaondoka nikimwambia mama yake kwamba mtoto amechangamka. Kumbe furaha ya mtoto ilikuwa imegeuzwa na sisi kuwa kisingizio chetu. Kwa kuwa alicheka, hatukuharakisha. Laiti angalilia kwa sauti, labda tungalikimbia.

Furaha ile ilikuwa ya kweli, nisieleweke vibaya. Ilikuwa neema ya Mungu ndani yake, na ushujaa wake yeye mwenyewe. Lakini mgonjwa anayevumilia kwa uso mkunjufu hajatupa ruhusa ya kumwacha avumilie peke yake.

Kanisa linafundisha nini?

Wapo watakaosema kwamba padre anapozungumzia dawa na bajeti ameacha Injili na kuingia katika siasa. Tuitazame basi Injili. Katika sura ya tisa ya Yohane, mitume walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza kama ndugu wa ukoo wa Babu walivyouliza: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakumlaumu mtoto wala mzazi. Kisha hakuishia kwenye maneno. Alifanya tope, akampaka kipofu machoni, akamtuma akanawe. Na alipomfufua binti wa Yairo, jambo aliloagiza mara moja ni kwamba apewe chakula. Bwana wetu aliujali mwili wa mtoto.

Papa Yohane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliweka matibabu kati ya haki za msingi za kila binadamu, pamoja na chakula, mavazi na makazi. Haki ina maana yake. Kitu ambacho ni haki ya mtu hakiombwi kwa kupiga magoti dirishani. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1984 juu ya maana ya Kikristo ya mateso, aliufunga mafundisho yake kwa mfano wa Msamaria Mwema, ili tusidhani kwamba kuyatafakari mateso kunatosha bila kumsogelea aliyeumia. Tena katika waraka wake wa mwaka 1995 baada ya Sinodi ya Afrika, alituita tuwe Kanisa lililo Familia ya Mungu. Sisi Waafrika tunajua familia ni nini. Katika familia mtoto akihitaji damu, haulizwi yeye ni wa kigango gani.

Na wale wasemao nchi yetu ni maskini wakumbuke kwamba Mwalimu Nyerere aliyataja maradhi kati ya maadui watatu wa taifa, pamoja na ujinga na umaskini, wakati nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Mwezi wa Aprili mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi nyingi hazijaitimiza ahadi hiyo. Mwaka 2006 Mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zenye tatizo hili ziweke mipango ya selimundu, na mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 19 Juni kuwa siku ya kuukumbuka ugonjwa huu. Hapa kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunaishukuru hatua hiyo. Lakini sheria haimezwi kama kidonge. Kipimo chake kitakuwa mtoto wa mvuvi: je, dawa yake ipo wilayani, na je, anaipata bila baba yake kuuza nyavu?

Tufanye nini?

Kwanza, tuseme ukweli majumbani. Kila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ijifunze kwamba selimundu hutoka kwa baba na mama kwa usawa. Mwamini atakayemwita mama wa mtoto mgonjwa mchawi aonywe kidugu na jumuiya yake, maana ametoa ushahidi wa uongo dhidi ya jirani.

Pili, wachumba wanaohudhuria mafundisho ya ndoa wahimizwe kupima kama ni wabebaji. Sisemi wabebaji wawili wakatazwe kuoana. Sheria ya Kanisa haina kizuizi cha ndoa cha namna hiyo, na mapadre wenzangu wasikibuni. Nasema wajue, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema, aanze penisilini mapema, alale chini ya chandarua, na kila homa yake ichukuliwe kuwa ni jambo la haraka.

Tatu, tuchangie damu. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Katika parokia yetu tulianza mwaka uliofuata kifo cha Babu. Mara ya kwanza walijitokeza watu tisa, nami nikiwa mmoja wao, kwa hofu kubwa ya sindano. Wengi walikataa wakisema damu inauzwa. Malalamiko hayo tusiyapuuze. Damu iliyotolewa bure na mwamini haipaswi kudaiwa malipo dirishani kwa mwamini mwingine, na kamati za Haki na Amani za parokia zina wajibu wa kufuatilia jambo hilo kwa wahusika, kwa adabu na bila woga. Miaka iliyofuata wachangiaji wameongezeka, ingawa bado ni wachache kuliko wanaochangia mnara.

Nne, waamini walio madiwani, wajumbe wa kamati za zahanati na wabunge waulize maswali yanayowapasa: watoto wachanga wanapimwa wapi? Penisilini ipo? Haidroksiurea ipo, na kwa bei gani? Kura tuliyowapa si zawadi.

Na sisi mapadre tuwe waangalifu kaburini. Tumhubiri Kristo mfufuka, tumaini la wote waliolala katika yeye. Hilo halina shaka, na ndilo linalonifanya niamini kwamba nitamwona tena Babu na kumtangulia kwa shikamoo. Lakini tusilitumie tumaini hilo kufunika uzembe. Pale tunapojua kwamba mtoto amekufa kwa kukosa kitu ambacho watu wangeweza kumpa, tuseme hivyo, tukianza na fungu letu sisi wenyewe.

Nilimwendea mama yake mwaka jana kumwomba ruhusa ya kuandika. Mtoto aliyekuwa tumboni siku zile sasa anasoma. Alipimwa wiki aliyozaliwa, naye ni mbebaji tu, mzima wa afya. Nilimwambia mama kwamba jibu la swali lake ninalo sasa: ua lilikauka kwa kukosa maji, na ndoo ilikuwa mikononi mwetu. Alinyamaza kitambo, kisha akaingia ndani, akarudi na makopo mawili ya Babu, bado yana kokoto. Alisema hajui afanye nini nayo. Nikamwomba asiyatupe.

Bwana ampe pumziko la milele, na mwanga wa milele amwangazie. Nasi atupe masikio ya kusikia maumivu yaliyo ndani ya kicheko cha mtoto.